Jinsi ya kutazama Perfect Blue nyumbani: mwongozo kwa anayeanza anime za kusisimua akili

Kila nikiitaja Perfect Blue barazani hapa Tanga, maswali ni yale yale. Hiyo si katuni? Watoto wanaweza kukaa? Nitazame kwa Kijapani au kwa Kiingereza? Mbona nimefika katikati sijui lipi kweli, lipi ndoto? Na la mwisho, ambalo huulizwa kwa hasira kidogo: mbona sikuuelewa mwisho wake?

Nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu asubuhi ya siku utakayotazama hadi majina ya wachoraji yanapopanda kwenye skrini. Nimeandika nikiifikiria sebule ya Tanga: mlango ulio wazi, feni inayozunguka, Luku ukutani, na jirani anayepiga hodi huku ameshaingia.

Jambo moja lishike mapema, maana hatua zote zinalitumikia hilo. Filamu hii imetengenezwa ili upotee. Mhusika wake anapoteza uhakika wa lililo kweli, nawe unapotezwa pamoja naye kidogo kidogo, kwa makusudi kabisa. Ukikatizwa kila baada ya dakika kumi hutapata hiyo safari. Utapata vipande visivyoungana, kisha utasema filamu ni mbaya.

Kwa asiyeijua: ni anime, yaani filamu ya kuchorwa ya Kijapani, ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Satoshi Kon katika studio ya Madhouse, ikitokana na riwaya ya Yoshikazu Takeuchi. Ina dakika 81 hivi. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kon. Alikamilisha nne tu kabla ya kufariki mwaka 2010 akiwa na miaka 46.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala halali ya filamu, yenye sauti ya Kijapani na sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, za lugha unayoisoma haraka. Kwa wengi wetu ni Kiingereza.
- Skrini. Runinga ni bora, laptopu inatosha kabisa. Simu iwe chaguo la mwisho, kwa sababu kuna mambo madogo madogo nyuma ya wahusika yatakayokupita.
- Sauti nzuri: sabufa, au spika za masikioni kama unatazama peke yako. Spika za nyuma ya runinga nyembamba hazitoshi.
- Yuniti za Luku za kukufikisha asubuhi, na laptopu iliyojaa chaji.
- Bando, kama hujaipakua. Kwa ubora wa kawaida filamu hii inakula karibu GB 1, kwa ubora wa juu inaweza kufika GB 4.
- Chumba kinachofungwa mlango kwa saa moja na nusu. Hiki ndicho kigumu kupatikana kuliko vyote.

Hatua

1. Amua nani atakuwepo, na wengine uwaambie mapema.

Naanza na hili kwa sababu ndipo madhara yanapotokea. Filamu imechorwa, lakini haikuchorewa watoto. Ndani yake mna mauaji ya kikatili yanayoonyeshwa wazi, mna utupu, na mna onyesho refu ambamo msichana anaigiza kubakwa mbele ya kamera za tamthilia. Ni ya watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, bila mjadala.

Shida yetu ni kwamba nyumba nyingi za hapa, hasa kule Ngamiani kwenye barabara za namba, mtoto wa jirani ni mtoto wa nyumba. Akiona picha za kuchorwa kwenye runinga anaingia na kukaa chini mkekani, na hakuna anayemwona mpaka amefika katikati. Basi funga mlango, shusha pazia la dirisha la barazani, na mwambie mama mwenye nyumba au shangazi kwamba usiku huu sebule ina filamu ya wakubwa. Ukimweleza kwa heshima kabla, hatashangaa mlango kufungwa.

Na mtu mzima utakayemwalika naye aelezwe. Lile onyesho la ubakaji linaumiza hata kama ni uigizaji ndani ya filamu, na huwezi kujua aliyekaa pembeni yako amepitia nini. Mwambie lipo, lipo kabla ya kufika katikati, na anaweza kutoka akarudi. Hilo halimharibii hadithi hata kidogo.

Idadi nzuri ni mtu mmoja hadi watatu. Wakizidi hapo, mazungumzo yanashinda filamu.

2. Hakikisha uliyoipata ndiyo yenyewe.

Mwaka 2002 ilitoka filamu nyingine ya Kijapani kutokana na kazi za mwandishi yuleyule, ikiwa na jina hilohilo la Perfect Blue, ila imeigizwa na watu. Ukiona waigizaji wa damu na nyama, funga. Kisha tazama urefu: ikipungua sana chini ya dakika 80, kuna mtu amekata vipande.

Ukiifungua utakutana na mashujaa wa mavazi ya kung'aa wakipigana jukwaani. Watu wengi huzima hapo wakidhani wamefungua kitu kingine. Usizime. Hilo ni onyesho la utangulizi kabla ya kundi la wasichana kupanda jukwaani, na hadithi imeshaanza.

3. Ipakue mapema ukiweza.

Kama huduma unayolipia inaruhusu kupakua, pakua usiku wa jana yake kwa bando la usiku, au mahali penye waifai. Filamu ikisimama kujipakia katikati ya onyesho la hofu, hofu inakatika na hairudi. Angalia pia kama nakala uliyopakua imebeba sauti ya Kijapani, kwa sababu baadhi ya programu hupakua lugha moja tu uliyoichagua.

4. Rekebisha skrini kabla ya usiku.

Ingia kwenye setingi za picha za runinga na ufanye mambo matatu.

Kwanza, zima ule mfumo wa kulainisha mwendo. Kila kampuni inauita jina lake, lakini utaukuta karibu na maneno ya mwendo au motion. Filamu za kuchorwa hupita fremu 24 kwa sekunde, na mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu kabla ya kuja mwingine. Huo mkatiko ni sehemu ya sanaa. Runinga ikijaribu kuulainisha inabuni michoro isiyochorwa na mtu yeyote, na nyuso zinaanza kuyeyuka kama ubuyu uliopigwa jua.

Pili, toka kwenye picha ya rangi kali ile ya dukani, weka picha ya sinema. Tatu, acha filamu ikae katika upana wake. Vistari vyembamba vyeusi juu na chini ni sawa, usivute picha ili vipotee.

5. Rekebisha sauti.

Kama runinga au laptopu imewekwa kutoa sauti ya spika nyingi na wewe una mbili tu, mazungumzo yatakuwa chini na muziki utapasua masikio. Weka stereo. Sabufa ipunguze besi, maana wengi wetu tumeiweka kwa ajili ya singeli. Muziki wa filamu hii una sehemu za mnong'ono na mvumo ambazo besi ikizidi zinageuka kelele.

Chagua sauti ya Kijapani. Toleo la Kiingereza lipo na silidharau, lakini sauti ya Junko Iwao anayemwigiza mhusika mkuu inabadilika kidogo kidogo hadithi inavyokwenda, na hilo unalisikia hata usipojua neno moja la Kijapani.

6. Jaribu sabtaito kwa dakika mbili, kisha rudisha mwanzo.

Hakikisha zinatokea, zinasomeka ukiwa umekaa mahali utakapokaa, na zinakwenda sawa na midomo. Usiache kazi hii mpaka wageni wamekwisha kukaa.

7. Panga saa.

Saa tatu usiku ni nzuri. Isha imeshapita, chakula kimeshaliwa, watoto wamelala, na kabla ya saa nne na nusu umemaliza. Filamu hii inataka giza: zima taa ya katikati, acha ndogo ya ukumbini kama lazima.

Feni iache izunguke, hasa kipindi cha kaskazi, lakini iwe mwendo mdogo na isielekee upande wa spika. Na kama ni masika na wingu limefunga upande wa bahari, ahirisha. Mvua juu ya bati inameza kila mnong'ono.

Kuhusu kula: samaki mwenye miiba na sabtaito haviendi pamoja, macho hayawezi kuwa sehemu mbili. Machungwa yamenywe kabla. Kahawa na kashata ni sawa kabisa.

8. Jifunze majina manne.

Kinachowapoteza wageni wengi wa anime ni majina, si hadithi. Hapa manne yanatosha.

Mima ndiye mhusika mkuu, mwimbaji katika kundi la wasichana watatu liitwalo CHAM! Rumi ni mwanamke anayesimamia kazi zake. Tadokoro ni bosi wa wakala, yule mwanamume anayetafuta mikataba. Me-Mania ni shabiki, na sura yake utaikumbuka bila msaada wangu.

Ongeza jambo moja la mazingira. Kule Japani wapo wasanii wanaoitwa aidoli, vijana wanaouzwa kwa mashabiki kwa sauti na sura, na zaidi ya hapo kwa taswira ya usafi na ukaribu. Shabiki anahisi anamjua, tena anahisi ni wake. Mima anaacha uimbaji ili awe mwigizaji wa tamthilia ya runinga, na kuna wanaoliona hilo kama usaliti. Baadaye anagundua intaneti ina shajara ya maisha yake ambayo hakuiandika yeye. Zaidi ya hapo sisemi.

Kumbuka pia ni miaka ya tisini. Kuna faksi, kuna kompyuta ya mezani ambayo Rumi analazimika kumfundisha Mima kuitumia. Leo kila mtu ana akaunti na kila staa ana watu wanaojifanya yeye, hivyo utashangaa jinsi hadithi hii ilivyotangulia.

9. Tazama mpaka mwisho bila kusimamisha.

Simu iwe chumba kingine. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndilo kosa kubwa la wanaoanza: wakifika dakika ya 50 wasielewe, wanachukua simu kutafuta maelezo. Wanapata mwisho wote umeandikwa kwenye mstari wa kwanza, na filamu imekufa mikononi mwao.

Badala yake, kuna vitu vya kushika kwa macho.

Kishike chumba cha Mima. Dakika za mwanzo anaporudi nyumbani, tazama tangi la samaki, tazama picha zilizobandikwa ukutani, tazama vitu vimekaa wapi. Kon anarudi kwenye chumba hicho mara nyingi, na kila akirudi jiulize kama kila kitu kiko vile ulivyokiacha.

Shika jinsi onyesho moja linavyoungana na jingine. Kon anaanza tendo mahali pamoja na kulimalizia mahali pengine. Mwanzoni kabisa anakufundisha: Mima yuko jukwaani anacheza, mara yuko dukani ananunua chakula, mara jukwaani tena. Hapo ni rahisi kufuata. Baadaye anaitumia mbinu hiyohiyo kati ya maisha ya Mima, tamthilia anayoigiza na ndoto zake, na hakuambii umevuka mpaka lini. Ukisikia mtu akipiga kelele "kata", usipumue haraka.

Shika mstari wa kwanza wa Mima kwenye tamthilia. Ni swali fupi mno, anahangaika nalo sana, na watu wanaona ni kitu kidogo. Si kidogo.

Shika vioo, na vioo vya madirisha pia.

Ukipotea, usirudishe nyuma. Endelea. Mima naye hana rimoti.

Onyo kwa anayetazama na mtu asiyesoma Kiingereza haraka. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, na filamu zenye msimuliaji wa Kiswahili anayekueleza kila kinachotokea na kuongeza chumvi zake. Raha ile naijua na naipenda. Lakini Perfect Blue haivumilii msimuliaji, kwa sababu msimuliaji lazima aseme lipi ni kweli. Basi kama bibi au mama anataka kutazama nawe, msimulie mwanzo wa hadithi kabla, kwa Kiswahili, mpaka pale Mima anapoacha kundi. Wakati wa kutazama mnong'oneze tu maneno yanayosemwa, bila maelezo yako. Akikuuliza "Sasa huyu ndiye yeye au siye?", mjibu kwa ukweli kwamba hata wewe unasubiri kuona.

10. Ikiisha, usiwashe taa mara moja.

Acha majina yapite. Kisha kila mmoja aseme aliloliona, kabla ya mtu yeyote kugusa simu. Mtatofautiana, na mtagundua mwenzako ameona kitu ukutani ambacho wewe hukukiona.

Halafu itazame tena, baada ya siku chache, si usiku huohuo. Mara ya pili ni filamu nyingine. Utaona Kon hakukudanganya mahali popote. Dalili zote alizimwaga mezani tangu mwanzo, kwenye sura za watu waliosimama nyuma na kwenye maneno uliyoyachukulia kuwa ya kawaida. Kwangu mimi hapo ndipo heshima yake inapotoka, na ndiyo sababu nasumbua watu waitazame vizuri.

Ukikwama

*Sabtaito zinachelewa au zinatangulia.* Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea filamu, ya kompyuta, bonyeza G au H mpaka zilingane na midomo. Kwenye simu, programu hiyohiyo ina sehemu ya kuchelewesha sabtaito ndani ya menyu.

*Sabtaito hazitokei kabisa.* Bonyeza V kwenye VLC ubadilishe. Kama ni faili la pembeni, lipe jina lilelile la faili la filamu na uviweke kwenye folda moja.

*Zinatafsiri mabango na barua tu, mazungumzo hakuna.* Umechagua zile zilizotengenezwa kwa anayesikiliza sauti ya Kiingereza. Ziko mbili mara nyingi, chagua nyingine.

*Sauti ni ya Kiingereza.* Bonyeza B kwenye VLC. Kwenye runinga tafuta sehemu ya lugha ya sauti.

*Runinga haisomi flashi.* Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ipange upya kwa exFAT, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika, na hakikisha runinga yako inaukubali mfumo huo. La sivyo chomeka laptopu kwa kebo ya HDMI.

*Picha ipo, sauti hakuna.* Runinga haijui aina ya sauti iliyomo kwenye faili. Chezesha kwa laptopu.

*Sauti ipo, skrini nyeusi, wakati unatumia simu.* Ama simu yako haitoi picha kwa kebo, maana si kila tundu la USB-C linafanya hivyo, ama programu imezuia filamu kurushwa nje. Tumia programu ya huduma hiyo iliyomo ndani ya runinga yenyewe.

*HDMI inakatika katika.* Nyumba zilizo karibu na bahari, kama za Raskazone, ncha za nyaya hushika kutu. Chomoa, futa kwa kitambaa kikavu, jaribu tundu lingine kabla ya kununua kebo mpya.

*Umeme umekatika.* Kama faili liko kwenye laptopu, hamia hapo na uendelee palepale. Ukikatika mwanzoni kabisa, subiri urudi na uanze upya.

*Giza ni jingi, sioni kitu.* Ongeza mwangaza wa nyuma wa skrini, usiongeze rangi wala ukali.

*Nimeshindwa, imenizidi.* Zima. Hakuna aibu, ni filamu nzito. Jaribu Millennium Actress ya mwaka 2001, ya Kon huyohuyo, ya dakika 87. Humo pia kumbukumbu na sinema vinaingiliana bila mlango, lakini ni hadithi ya mapenzi na hakuna ukatili wa namna ile. Ukiizoea lugha yake hapo, Perfect Blue itakusubiri. Aliyeimaliza na kutaka zaidi aende Paprika ya mwaka 2006, ambamo mashine ya kuingilia ndoto za watu inaibiwa. Nayo ni ya wakubwa, kwa hiyo pazia la barazani lishuke tena.